Nyumba tupu tele, ya kupanga hata moja

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa sita niko Edmonton, Kanada. Nimepata kazi ya kutunza wazee katika kijiji kimoja cha jimbo la Saskatchewan. Jina lake nimekuandikia chini, naomba usilitaje. Kabla ya kufunga mizigo nilifungua takwimu za sensa za kijiji hicho. Zinaonyesha watu wamepungua, na karibu nyumba moja katika kila tano haina mkazi wa kudumu. Nikajisemea, huko nyumba za kupanga zitakuwa za kuchagua. Wiki ya tatu hii napiga simu, sijapata hata chumba. Halafu hesabu zenyewe hazikai sawa: nikijumlisha wanaume na wanawake sipati ile idadi ya watu iliyoandikwa juu. Kwenye lugha, Kiswahili kimepewa sifuri, na mimi nina rafiki yangu wa Bukoba anaishi hukohuko na wanawe tangu kabla ya sensa. Je, takwimu zimekosewa au ni mimi sijui kuzisoma?

Jibu: Dada yangu, takwimu hazijakosewa, na wewe hujasoma vibaya. Jedwali lile limetengenezwa kwa ajili ya nchi ya watu 36,991,981, ndiyo hesabu ya Kanada katika sensa ya 2021, kisha likashushwa vilevile lilivyo hadi kwenye kijiji chenye mitaa minne. Safu zilezile, maneno yaleyale. Yanayoitosha Toronto yanapwaya huku chini kama kanzu ya baba kwa mtoto. Acha nianze na nyumba, maana ndiko kiatu kinakokubana.

Statistics Canada, idara ya takwimu ya nchi, hutoa hesabu mbili za makazi kwa kila mahali. Ya kwanza ni makazi yote ya watu binafsi, yaani kila sehemu ya kuishi yenye mlango wake. Ya pili ni yale yaliyokuwa na mkazi wa kudumu siku ya sensa. Kwa nchi nzima mwaka 2021 hesabu hizo zilikuwa 16,284,235 na 14,978,941. Toa, unabaki na zaidi ya milioni moja na laki tatu, kama nyumba 8 katika kila 100. Kijijini kwako ni kama 20 katika 100. Umeona pengo hilo ukaliita nyumba tupu, na sikulaumu, hata waandishi wa habari huliita hivyo. Lakini ndani ya pengo hilo kuna aina mbili zilizochanganywa: nyumba isiyo na mtu kabisa, na nyumba yenye watu ambao kwao ni kwingine. Ukurasa uliousoma hauzitenganishi. Na hakuna mahali popote katika ukurasa huo panaposema kwamba nyumba hizo zinatafuta mpangaji.

Nikupe picha. Januari moja nilikwenda kijiji cha namna hiyohiyo, kusini mwa Regina, kwa ajili ya msiba. Baridi ilikuwa ya kukatisha pumzi. Mchana wenyeji wangu walipolala kidogo nikatoka kutembea, nikaanza kuhesabu nyumba, ndio ugonjwa wangu. Wakati wa baridi kijiji cha nyikani hakifichi kitu: nyumba yenye mtu ina moshi mweupe unaotoka kwenye bomba la tanuri la kupashia nyumba joto, njia imefagiliwa theluji hadi mlangoni, na gari limeegeshwa likiwa na waya wa umeme unaoning'inia mdomoni, maana bila kupasha moto injini usiku kucha asubuhi haliwaki. Nyumba isiyo na mtu, theluji yake imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, haina hata unyayo wa paka. Katika mtaa mmoja nilihesabu sita za namna hiyo. Jioni nikamwuliza mwenyeji wangu, ni za nani?

Akanipa habari zake moja moja bila kufikiri. Ya kwanza ya mjane aliyehamishiwa nyumba ya wazee mji wa jirani. Watoto wako Calgary, hawajaelewana kuhusu kuiuza. Ya pili ya bwana na bibi waliokwepa baridi, wako Arizona, Marekani, mpaka Aprili. Ya tatu ya mwindaji kutoka Alberta, huja Novemba kwa wiki mbili. Ya nne ameinunua mkulima mwenye mashamba makubwa, anaiweka kwa vibarua wake wakati wa kupanda na kuvuna. Ya tano paa limebonyea. Ya sita ilikuwa ikiuzwa, na imekuwa ikiuzwa muda mrefu kiasi kwamba kibao chenyewe kimefifia rangi.

Sasa angalia sensa inavyozihesabu. Ile ya wazee wa Arizona, ambayo mimi niliiita tupu, kwenye sensa ina wakazi, kwa sababu kwao ni pale na siku ya sensa huwa mwezi Mei, wamesharudi. Ya mwindaji na ya vibarua zitaingia kwenye pengo ingawa zina matandiko na sufuria ndani. Ya mjane itaingia vilevile. Ile ya paa bovu inategemea: kama bado inaweza kukaliwa itahesabiwa, kama imeshakuwa gofu haihesabiwi kabisa. Nyumba sita, habari sita, na wewe mpangaji hata moja haikufai.

Mbona wasikupangishe, utauliza, bora wapate chochote? Weka hesabu ya mwenye nyumba. Nyumba iliyozimwa joto msimu mzima wa baridi, mabomba yake huenda yamepasuka. Kuiwasha tena kunataka fundi wa tanuri, fundi bomba, na mara nyingi fundi huyo anatoka mji ulio mbali. Bima ya nyumba isiyokaliwa mara nyingi hupunguzwa nguvu baada ya siku 30 hivi. Kodi atakayopata kijijini ni ndogo, itachukua miaka kurudisha gharama. Kuiacha kunamgharimu kodi ya jengo tu. Basi anaiacha. Ndiyo maana mahali penye nyumba nyingi zisizo na wakazi panaweza kuwa hapohapo penye shida kubwa kuliko zote ya kupanga, na mgeni anayekuja na mshahara mkononi analala kwenye chumba cha hoteli iliyo juu ya baa.

Kwa hiyo ukifungua tena takwimu zako, achana na pengo, shuka mpaka mstari unaogawa kaya za wenye nyumba na kaya za wapangaji. Kanada nzima asilimia 66.5 ya kaya zilikuwa kwenye nyumba zao wenyewe mwaka 2021. Vijijini kwa kawaida sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Ukikuta wapangaji wote wa kijiji ni kaya kumi au kumi na tano, hilo ndilo soko lako lote la kupanga. Itakubidi mtu mmoja ahame ndipo wewe uingie. Usitafute msaada kwenye uchunguzi wa soko la kupanga unaofanywa na shirika la nyumba la serikali, CMHC: unahusu miji ya kuanzia watu 10,000. Huku chini hakuna anayehesabu.

Tazama pia mstari wa miaka nyumba zilipojengwa na ule wa nyumba zinazohitaji matengenezo makubwa. Hiyo miwili, kwangu mimi, inasema kweli kuliko mstari wa bei. Bei ya nyumba kwenye sensa si bei ya dalali wala ya mnunuzi. Ni jibu la mwenye nyumba alipoulizwa: ungeiuza leo, ungepata ngapi? Toronto kila mtu anajua jirani kauza kwa ngapi. Kwenye kijiji ambako nyumba mbili zimeuzwa kwa mwaka mzima, jibu hilo ni matumaini ya mwenye nyumba yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya sisi tuliokulia kwenye sensa za nyumbani. Mwaka 2002 nilikuwa karani wa sensa huko Muheza, kalamu na daftari begani. Tulichokuwa tunauliza ni nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 25. Mgeni aliyelala alihesabiwa pale, baba aliyekuwa safarini alihesabiwa alikolala. Sensa ya 2022 pia ilikwenda hivyo. Kanada haiulizi umelala wapi, inauliza kwako ni wapi. Kijana wa kijiji anayesoma chuo Saskatoon na kurudi kwa wazazi wakati wa likizo huandikwa kijijini. Mume anayekaa wiki tatu kwenye migodi na wiki moja nyumbani huandikwa nyumbani. Kwa hiyo ile idadi ya vijana unayoiona kwenye ukurasa, usitarajie kukutana nao wote dukani. Baadhi yao wako mjini tangu Septemba.

Sasa kupungua kwa watu. Asilimia kwenye mahali padogo ni kama mizani ya dhahabu uliyopimia unga: chembe moja inaipeleka huku na huku. Chukua kijiji cha Lytton, British Columbia, pale mto Thompson unapomwagikia kwenye Fraser. Sensa ya 2016 ilikuta watu 249, ya 2021 ikakuta 210. Kwa asilimia ni pungufu ya 15.7, na ukiisikia redioni utadhani watu wamekimbia. Kwa vichwa ni watu 39. Familia sita au saba zikihama, na wazee kadhaa wakifariki, umemaliza. Upande wa pili angalia Grise Fiord, makazi ya Wainuiti katika Nunavut, kaskazini kuliko vijiji vyote vya kiraia vya nchi hiyo: watu 130 mwaka 2011, 129 mwaka 2016, 144 mwaka 2021. Ongezeko la asilimia 11.6, zaidi ya mara mbili ya kasi ya Kanada yenyewe, ambayo ilikuwa 5.2. Kwa vichwa ni watu 15. Darasa moja la chekechea. Na huko kukua hakukuleta nyumba: watu wengi wa Nunavut ni wapangaji wa nyumba za umma, na kilio chao ni kujazana, kinyume kabisa na kijiji chako.

Nakushauri hivi: kila ukiona asilimia ya mahali penye watu chini ya elfu moja, irudishe kuwa vichwa kabla hujaiamini.

Lytton nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Siku ya sensa ilikuwa Mei 11, 2021. Juni 29 kijiji hicho kilifikia nyuzi joto 49.6, joto kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa Kanada. Kesho yake, Juni 30, moto ukakipitia, ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji, watu wawili wakafa. Februari 2022 matokeo ya kwanza ya sensa yakatangazwa, Lytton ikapewa watu wake 210 na nyumba zake kama kawaida. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, kwa siku ile ya Mei. Nyumba zenyewe zilikuwa majivu. Mimi niliufungua ukurasa ule nikaufunga. Kijiji chako hakijaungua, lakini kwenye mahali padogo haihitaji moto: kufungwa kwa nyumba ya wazee, au kuhama kwa familia yenye watoto watano, kunatosha kuichakaza takwimu. Sensa hufanywa kila miaka mitano, kwenye miaka inayoishia na 1 na 6, na matokeo huanza kutoka mwaka unaofuata. Kabla ya kuamini mstari wowote, angalia ni wa mwaka gani.

Na kupungua kwa watu hakuna maana nyumba zinafunguka. Hili watu wengi hawalioni. Familia ya watu sita, watoto wanne wakikua na kwenda zao mjini, kijiji kimepoteza watu wanne, lakini nyumba ile bado ina baba na mama ndani. Baba akifariki, kijiji kimepungua tena, nyumba bado ina mtu. Watu sita wamekuwa mmoja, kaya ni ileile moja. Kaya ya wastani Kanada ilikuwa na watu 3.9 mwaka 1961, ambao ndio wastani wa Kenya katika sensa yake ya 2019. Kufika 2021 Kanada ilikuwa imeshuka hadi 2.4, na kaya za mtu mmoja peke yake zilikuwa asilimia 29.3 ya kaya zote. Tanzania mwaka 2022 ilikuwa 4.3. Kwetu ukisema kaya mtu anawaza sufuria kubwa. Huko unakokwenda kaya ni bibi wa miaka themanini, paka wake, na vyumba vitatu ambavyo hajavifungua tangu watoto waondoke. Yeye ndiye utakayekuwa unamhudumia, kwa hiyo utakuja kuniambia.

Saskatchewan hasa ina historia yake hapo. Serikali iligawa ardhi ya nyika kwa vipande vya ekari 160, mlowezi akilipa dola 10 za kujiandikisha, na kampuni za reli zikaweka vituo karibu karibu ili mkulima aweze kupeleka ngano kwa gari la farasi na kurudi siku hiyohiyo. Kila kituo kikawa na ghala refu la nafaka, duka, kanisa, shule. Ramani yote ile ya vijiji imepimwa kwa miguu ya farasi. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba 142,391. Mwaka 2021 yalibaki 34,128. Ardhi haikupungua, waliokuwa wakiilima ndio waliopungua, maana trekta moja la sasa linamaliza kazi ya ukoo mzima. Mwaka 1995 ruzuku ya kusafirisha nafaka kwa reli ilikufa, njia ndogo za reli zikang'olewa, maghala yakabomolewa moja baada ya jingine. Kwa hiyo kupungua ulikokuona katika miaka mitano ni mkia tu wa kitu kilichoanza kabla bibi yako hajazaa. Kijiji kinachopungua polepole kwa miaka themanini kinaweza kuendelea kupungua polepole miaka mingine thelathini, na wewe ukawa umeshastaafu.

Sasa hizo hesabu zisizojumlika. Ni makusudi. Idadi ya watu na ya nyumba iliyo juu kabisa ya ukurasa hutolewa kama ilivyo. Kila kitu chini yake, umri, jinsia, lugha, aina ya nyumba, huzungushwa kwa bahati nasibu hadi kwenye vizidishio vya 5, mara juu, mara chini, na jumla nazo huzungushwa kivyake. Ndiyo maana wanaume na wanawake hawafikii pale ulipotarajia. Sababu yake ni heshima ya mtu: kwenye kijiji kidogo, ukiandika kwamba kuna mjane mmoja mwenye miaka 90, umeshamtaja jina. Ukikuta 5, ukweli unaweza kuwa mtu mmoja au hata tisa. Ukikuta 0, wanaweza kuwa hakuna, na wanaweza kuwa wanne.

Rafiki yako wa Bukoba basi anaweza kabisa kuwa ndani ya hiyo sifuri. Lakini angalia pia alijibu nini. Swali la lugha ya kwanza linataka lugha uliyojifunza utotoni na bado unaielewa. Mtu wa Bukoba mkweli ataandika Kihaya. Mbembe wa Fizi ataandika Kibembe, Mchaga ataandika Kichaga. Waswahili wanaozungumza Kiswahili mchana kutwa hupotea hapo kwa mamia. Tafuta badala yake mistari ya lugha zinazozungumzwa nyumbani, na ule wa lugha ambazo mtu anaweza kuzungumza. Huo wa mwisho hutoka kwenye fomu ndefu, na fomu ndefu hupewa kaya moja tu katika kila nne, isipokuwa kwenye ardhi za Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili, na makazi ya mbali ya kaskazini, ambako kila kaya huijaza. Kama kaya ya rafiki yako haikuangukiwa na zamu, Kiswahili hakikuonekana.

Fomu hiyo ndefu ndiyo inayobeba pia matengenezo ya nyumba, kodi ya pango, kazi na elimu, kwa hiyo kwenye kijiji cha kaya mia moja, majibu ya mambo hayo yote yametoka kwenye milango kama ishirini na tano. Ukilinganisha na zamani uruke mwaka 2011. Serikali ya wakati huo iliondoa ulazima wa fomu ndefu, ikaifanya ya hiari. Mkuu wa takwimu wa nchi, Munir Sheikh, alijiuzulu mwaka 2010 kwa ajili hiyo. Watu wa vijijini wengi hawakujibu, na zaidi ya sehemu elfu moja ndogo zikaachwa bila takwimu hizo kwa kuwa hazikuaminika, vijiji vya Saskatchewan vikiumia hasa. Mwaka 2016 ulazima ukarudi.

Kipato cha kaya kwenye sensa ya 2021 nacho usikichukulie kama cha mwaka wa kawaida. Ni cha 2020, kimetoka kwenye kumbukumbu za kodi, na 2020 ni ule mwaka wa korona ambapo serikali ililipa walioachishwa kazi dola 2,000 kila wiki nne. Kuna watu waliopata zaidi mwaka ule kuliko mwaka wowote kabla au baada.

Moja tena ndogo: hakikisha umesoma takwimu za ndani ya mipaka sahihi. Saskatchewan kijiji ni halmashauri yake, na mashamba yanayokizunguka ni halmashauri nyingine, wao wanaiita manispaa ya vijijini, mara nyingi yenye jina tofauti. Mzee anayeishi kilomita mbili nje, anayechukua barua posta ya kijiji na kusali kanisa la kijiji, kwenye sensa si wa kijiji. Ukiona manispaa ina takwimu za ajabu, watu wengi na nyumba chache, huenda ndani yake kuna jamii ya Wahutterite, hao Wakristo wanaoishi kwa mali ya pamoja: makazi yao huhesabiwa kama makazi ya jumuiya, pamoja na magereza na nyumba za wazee, na hayaingii kwenye nyumba za watu binafsi. Na kinyume chake, nyumba nyingi watu wachache, hasa kando ya ziwa, ni kijiji cha mapumziko. Alberta wanavyo 51 kwa mujibu wa sheria, vinaitwa vijiji vya kiangazi. Huko pengo la nyumba ndiyo biashara yenyewe.

Unachotakiwa kukiogopa hakimo kwenye ukurasa ule. Kule Newfoundland kulikuwa na mji mdogo kisiwani, Little Bay Islands, watu 71 katika sensa ya 2016. Mwaka 2019 wote waliopiga kura walikubali kuhamishwa na serikali ya jimbo kwa malipo, na Desemba 31 mwaka huohuo umeme ukakatwa, feri ikasimama. Hawakufikishwa hapo na idadi 71, zipo sehemu zenye watu wachache zaidi na bado zina taa. Walifikishwa na kiwanda cha samaki kilichofungwa na shule iliyobaki bila watoto. Kwa hiyo hayo ndiyo ya kuulizia kabla ya kuhama: shule ina watoto wangapi na bodi inasemaje kuhusu kuifunga, kliniki ina muuguzi siku ngapi kwa wiki, na hiyo nyumba ya wazee itakayokuajiri ina vitanda vingapi vilivyojaa.

Mtendaji wa kijiji ndiye wa kumpigia, sio tovuti za nyumba. Ofisi zao hufunguliwa siku chache kwa wiki, na mtu huyo mmoja mara nyingi anahudumia na manispaa ya jirani, anajua kila nyumba ni ya nani, nani yuko Arizona na nani amegombana na ndugu zake juu ya urithi. Mwambie wewe ni nani, umeajiriwa wapi, una watoto watatu. Watoto watatu kwenye shule ya kijiji kile ni habari kubwa, utashangaa simu zitakavyogeuka kukutafuta wewe. Mwajiri naye mbane: anayehitaji watunza wazee kijijini anajua fika nyumba hakuna, na wengine wana nyumba za wafanyakazi wasizozitangaza mpaka uulize.

Ukipata ya kuiangalia, usiende Julai. Nenda kwenye baridi, uguse mabomba chini ya sinki, uulize maji ni ya kijiji au ya kisima, maji taka yanakwenda wapi, tanuri lina miaka mingapi. Na ukitoka nje, tazama ukutani kama kuna soketi karibu na mahali pa kuegesha gari. Kama haipo, mwambie mwenye nyumba aiweke kabla hujasaini.